Picha zilizogeuka chungwa: kesi ya printa za mwaka 2000

Jamani, hebu tuulizane. Kwa nini picha ya babu ya miaka ya sitini, ile nyeusi na nyeupe ya studio, bado inaonekana vizuri ukutani, na ile ya mtoto uliyoichapisha nyumbani majuzi imeanza kuchujuka?

Wengi hulaumu jua, au muuzaji wa wino. Mara nyingi mmoja wao ana hatia kweli. Lakini yuko mshukiwa wa tatu asiyeonekana kwa macho, na mwaka 2000 aliwasumbua sana wapenzi wa picha za dijitali. Sisi tunaoandika programu tuna mengi ya kujifunza katika kesi hiyo.

Kwanza, wino wenyewe. Printa za picha za nyumbani hutumia wino wa aina mbili. Wa kwanza ni rangi iliyoyeyuka majini, kama sukari kwenye chai. Unang'aa na unapendeza, lakini molekuli zake ziko wazi kushambuliwa. Wa pili una chembe ndogo sana za rangi zinazoelea majini bila kuyeyuka. Chembe moja ina molekuli nyingi mno, kwa hiyo za nje zikiharibika, za ndani bado zipo.

Mwaka 2000 kampuni ya Epson ilitoa printa mbili, Stylus Photo 870 na Stylus Photo 1270. Zilitumia wino wa kuyeyuka wa rangi sita. Watu walizifurahia kwa sababu picha zake zilikaribia zile za maabara, na tena zilitangazwa kuwa zinaweza kudumu miaka 10 hivi. Kwa wakati ule, wino wa nyumbani kudumu kiasi hicho ilikuwa habari kubwa.

Kisha malalamiko yakaanza. Baadhi ya wanunuzi waliona picha zao zikigeuka rangi ya chungwa, wengine baada ya wiki, wengine baada ya siku chache tu. Ajabu ni kwamba wengine, wenye printa ileile, wino uleule na karatasi ileile, hawakuona tatizo lolote. Kila aliyewahi kuwinda hitilafu kwenye programu anaijua hali hii: kwako inaharibika, kwangu inafanya kazi!

Watu wakaanza kupima. Picha moja inaachwa wazi, nyingine inawekwa nyuma ya kioo, nyingine inafungiwa ndani ya plastiki. Iliyoachwa wazi ikageuka chungwa, zilizofunikwa zikabaki salama. Basi si mwanga, maana mwanga hupita kwenye kioo. Kilichozuiwa na kioo ni hewa.

Mshukiwa mkuu akawa ozoni, gesi ambayo karibu na ardhi hutokea jua linapopiga moshi wa magari na viwanda. Karatasi ya kung'aa iliyopendwa na wengi ilikuwa na vitundu vidogo sana vya kunyonya wino upesi. Vitundu hivyohivyo viliingiza hewa hadi kwenye rangi. Rangi iliyokuwa dhaifu zaidi ni samawati. Ikishaliwa, kinachobaki ni magenta na manjano, na hizo mbili zikichanganyika unapata chungwa. Ndiyo maana miji na nyumba zilitofautiana: hewa haikuwa moja.

Lakini ahadi ya miaka 10 ilitoka wapi? Vipimo vya kudumu kwa picha vilivyotumika sana wakati ule viliangalia mwanga, na picha iliyopimwa iliwekwa nyuma ya kioo. Kipimo hakikudanganya, ila kilijibu swali moja tu. Mtumiaji aliyebandika picha yake wazi kwenye friji hakuwa ndani ya kipimo hicho. Baadaye maabara ya Wilhelm Imaging Research nchini Marekani ilianza kutoa pia matokeo ya kustahimili ozoni.

Mwaka huohuo wa 2000 Epson ilitoa Stylus Photo 2000P yenye wino wa chembe. Huo ulidumu zaidi, lakini ukaleta kero yake: picha iliyopendeza chini ya taa ilielekea kijani kwenye mwanga wa mchana. Wino wa UltraChrome uliokuja mwaka 2002 ulipunguza kero hiyo. Dawa moja, ugonjwa mwingine, ndiyo teknolojia hiyo!

Sisi tufanyeje? Printa nyingi za picha za nyumbani, zikiwemo za matangi ya kujaza wino, bado hutumia wino wa kuyeyuka. Basi picha ikiharibika, anza hivi:

1. Fungua faili kwenye kompyuta. Rangi zikiwa sawa, kamera haina kosa.
2. Je, picha ilitoka printani ikiwa tayari nyekundu au chungwa? Huenda matundu ya wino wa samawati yameziba, au wino umeisha. Chapisha ukurasa wa majaribio uone.
3. Je, ilitoka vizuri ikabadilika baadaye? Tazama mahali ilipokaa. Iliyofunikwa ikidumu na iliyo wazi ikachujuka, mwizi ni hewa. Mashine za fotokopi za zamani nazo hutoa ozoni, kwa hiyo usibandike picha karibu nazo.

Iache picha ikauke siku nzima, kisha iweke nyuma ya kioo au ndani ya albamu. Na faili usifute hata kidogo! Picha ya babu ilidumu kwa sababu imeumbwa kwa madini ya fedha. Ya mtoto imeumbwa kwa maji yenye rangi, na yakichujuka, faili ndiyo itakayokuwezesha kuichapisha tena.