Shelisheli na Gharama ya Joto la Wengine

Wananchi wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka miezi ya mwisho ya mwaka 1997 na ile ya mwanzo ya mwaka 1998 kwa sababu ya mvua za El Nino, ambazo zilibomoa madaraja, zikakata barabara na kuharibu mazao mashambani. Lakini katika kipindi hicho hicho maafa mengine, yasiyokuwa na kishindo, yalikuwa yakitokea chini ya maji ya Bahari ya Hindi. Miongoni mwa majirani walioumia zaidi ni Jamhuri ya Shelisheli, taifa la visiwa 115 ambalo leo lina watu wapatao laki moja, na ambalo lilijipatia uhuru wake kutoka kwa Uingereza tarehe 29 Juni, 1976.

Tumbawe, ingawa kwa macho hufanana na jiwe, ni kiumbe hai cha jamii ya wanyama. Ndani ya mwili wake huishi mimea midogo mno ambayo hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua, huligawia tumbawe chakula hicho, na hulipa rangi yake. Maji yanapopata joto la nyuzi moja tu kupita kiwango cha juu kilichozoeleka, na hali hiyo ikaendelea kwa majuma kadhaa, ushirikiano huo huvunjika. Tumbawe huitoa mimea hiyo mwilini na kubaki jeupe. Hapo huwa bado halijafa, lakini joto lisipopungua mapema hufa kwa njaa. Huko ndiko kupauka kwa matumbawe.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998. Katika visiwa vya ndani vya Shelisheli, yaani Mahé, Praslin na vile vilivyo jirani navyo, zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yaliangamia. Kenya, Tanzania na Komoro nazo hazikunusurika. Kwa dunia nzima, wataalamu walikadiria kuwa asilimia 16 ya miamba ya matumbawe iliharibika vibaya katika msimu huo mmoja.

Madhara yake hayakuonekana yote kwa mara moja. Mifupa ya matumbawe yaliyokufa iliendelea kusimama kwa miaka kadhaa, kisha ikamomonyoka na kuvunjwavunjwa na mawimbi. Samaki wadogo waliokuwa wakijificha humo wakakosa maskani. Mawimbi nayo, yaliyokuwa yakipunguzwa nguvu na mwamba kabla ya kufika ufukoni, yakaanza kuipiga nchi kavu kwa ukali zaidi. Wavuvi wa madema hawakurudi mikono mitupu, kwa kuwa tasi, ambao hula mwani, waliendelea kupatikana kwa wingi. Hata hivyo mavuno hayo yalitegemea aina chache za samaki, na yakawa ya kubahatisha kuliko zamani.

Jambo la kutia moyo ni kwamba si miamba yote iliyokufa moja kwa moja. Wataalamu walioifuatilia miamba 21 ya visiwa hivyo tangu mwaka 1994 walieleza mwaka 2015 kwamba 12 kati yake ilikuwa imeanza kurudia hali yake, na 9 ilikuwa imegeuka kuwa mashamba ya mwani. Miamba iliyopona ilikuwa ama katika maji ya kina kirefu zaidi, ama yenye mapango na matawi mengi, ama yenye samaki wengi wala mwani kama vile pono na kangaja, ambao huusafisha mwamba na kuyapa nafasi matumbawe machanga. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba uvuvi wa kiasi na maji yasiyochafuliwa kwa taka ni dawa.

Shelisheli haikuipuuza dawa hiyo. Mwaka 1992, miaka sita kabla ya msiba, ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kuanzia mwaka 2010 matumbawe machanga yalikuzwa katika vitalu vya baharini, kisha yakapandikizwa kwenye mwamba wa kisiwa cha Cousin. Na mwezi Machi, 2020, taifa hilo dogo lilitimiza ahadi ya kuweka asilimia 30 ya bahari yake chini ya hifadhi.

Lakini mipaka ya hifadhi haizuii joto. Mwaka 2016 maji yalichemka tena, na miamba iliyokuwa ikipata nafuu ikapigwa upya kabla kidonda hakijafunga. Wahenga walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Katika janga hili waliochuma zaidi ni mataifa tajiri, yaliyojenga viwanda vyao kwa makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne mbili. Wanaolila kwanza ni mvuvi wa Praslin na mwenzake wa Lamu, ambao hawakualikwa katika karamu ya utajiri huo.

Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilionya kwamba joto la dunia likiongezeka kwa nyuzi moja na nusu kuliko lilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda, asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe yatapotea. Likifika nyuzi mbili, zaidi ya asilimia 99. Mwezi Aprili, 2024, ilitangazwa kwamba matumbawe yalikuwa yakipauka duniani kote kwa mara ya nne.

Kwa nchi zote zinazopakana na bahari hii, somo la Shelisheli lina pande mbili. Kupiga vita uvuvi wa baruti na kulinda samaki wala mwani ni wajibu wa wenyeji, na hauwezi kungojea hisani ya mtu. Kupunguza moshi unaoichemsha bahari ni wajibu wa waliouzalisha, na mataifa ya visiwa na ya pwani yana haki ya kuudai kwa sauti moja. Upande mmoja ukitekelezwa bila ya mwingine, mwamba utaponywa leo ili uuawe kesho.