Subira na Shubiri: Kichwa cha Dondoo kama Kazi ya Fikra

Bibi mzaa mama alituachia kaunta buku moja yenye jalada gumu, kona zake zimeliwa na mende na mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa kuvulia. Mwenyewe aliiita "daftari langu", basi. Ndani mna mashairi aliyoyanakili kutoka redioni, tarehe za kuzaliwa watoto wa ukoo mzima, madeni ya mchele, dua, mafumbo na dawa. Kila kipande alikipa kichwa na kukipigia mstari kwa wino mwekundu. Chini ya kichwa "Subira" kuna beti nne za mke anayemngoja mume msafiri, na papo hapo, bila kuruka hata mstari, maelezo ya namna ya kumwachisha mtoto ziwa kwa kupaka shubiri. Nilipokuwa mdogo nilidhani amekosea ukurasa. Nilipojifunza Kiarabu ndipo nikang'amua kwamba subira na shubiri yanatoka katika mzizi mmoja. Bibi hakuwahi kufundishwa sarufi ya lugha hiyo. Aliyaweka nyumba moja kwa sababu alijua ladha ya yote mawili.

Naanza na ukurasa huo kwa kuwa umebeba hoja ninayotaka kuitetea: fikra ya mwenye daftari la dondoo huonekana zaidi katika kichwa alichokiweka juu ya maneno kuliko katika maneno yenyewe, ambayo mara nyingi ni ya watu wengine. Anayelisoma daftari la namna hiyo kwa kuchambua dondoo tu, akaviacha vichwa, anasoma mali ya watu na kumwacha mwenye nyumba nje.

Huko Ulaya, desturi hii ya daftari la dondoo ilikuwa na walimu na kanuni zake. Jina lenyewe, loci communes kwa Kilatini, maana yake ni "mahali pa wote", yaani pale ambapo msemaji huenda kuchukua hoja, kama watu wa mtaa wanavyochota maji kisima kimoja. Mwaka 1512 Erasmus wa Rotterdam alichapisha De copia, kitabu kilichosomeshwa katika shule nyingi, na humo akamwelekeza mwanafunzi aandae vichwa vyake mapema kabla ya kusoma: uchaji na ukafiri, uaminifu, ukarimu, na mengineyo. Kisha asome waandishi wote, na kila analoliokota aliweke mahali pake. Nyuma ya ushauri huo kulikuwa na mfano wa Seneca, katika barua yake ya 84, wa nyuki anayezunguka maua mengi ili kutengeneza asali moja. Mfano ni mzuri, ila kwa Erasmus mzinga umeshagawanywa vyumba kabla nyuki hajaruka. Msomaji anakwenda vitabuni akijua ulimwengu una mafungu gani, na kazi yake ni kuyajaza.

Mwanafalsafa John Locke aligeuza utaratibu huo, na kwa maoni yangu mageuzi yake hayajapewa uzito unaostahili, kwa kuwa yanaonekana kama ufundi wa karani tu. Mbinu yake ilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1686 katika jarida la Jean Le Clerc, baada ya yeye mwenyewe kuitumia kwa zaidi ya miaka 25. Kurasa mbili za mwanzo zinazotazamana huwa faharasa. Herufi 20 zinaorodheshwa, na kila herufi inapewa vijumba vitano, kimoja kwa kila irabu, hivyo vijumba vyote ni 100. Ukipata jambo la kunakili, chagua neno la kichwa, tazama herufi yake ya kwanza na irabu ya kwanza inayofuata. Epistola, yaani barua, inaingia E-i. Unafungua kurasa mbili tupu zinazofuata, zozote zile, unaandika, kisha unatia namba ya ukurasa katika kijumba hicho. Kurasa hizo zikijaa, unahamia nyingine tupu na kuongeza namba.

Hapa hakuna chumba kilichotengwa mapema. "Barua" inaweza kupakana na "mafuriko" kwa sababu tu yalisomwa wiki moja. Kichwa kinazaliwa wakati wa kusoma, na daftari linakua kwa mfuatano wa udadisi wa mtu. Kwa Erasmus kichwa hutangulia kama amri. Kwa Locke hufuata kama jibu.

Niliijaribu mbinu hiyo kwa Kiswahili katika daftari jipya, na haukupita mwezi ikaniangusha. K, herufi inayobeba maneno yetu mengi mno, Locke aliiacha kabisa na kuiunganisha na C. Nilipoirudisha, kijumba cha K-i kilifurika: kiburi, kifo, kiapo, kilimo, kitabu, vingi vimesukumwa humo na kiambishi, wala havina undugu wowote. Wakati huohuo ndugu wa damu walitawanyika. Upendo ulikwenda U-e, mpenzi M-e, mapenzi M-a, kipenzi K-i, na pendeza P-e. Ilinibidi nipange kwa mzizi, kama Johnson alivyofanya kwa maneno mengi katika kamusi yake ya Kiswahili ya 1939, ambamo maneno yaliyonyambuliwa yanakaa chini ya kitenzi chao. Hapo ndipo nilipoanza kuyaona mambo ambayo sikuwa nimeyatafuta. Dondoo kuhusu utu iliangukia ukurasa mmoja na dondoo kuhusu kitu, na nikalazimika kujiuliza kwa nini lugha yangu inamtenganisha mtu na kitu kwa kiambishi tu. Nilikuwa nikipanga karatasi, na swali la falsafa likanijia mezani.

Daftari la mshairi John Milton linaonyesha vichwa vikifanya kazi ya hatari zaidi. Liligunduliwa mwaka 1874 katika nyumba ya Netherby, kaskazini mwa Uingereza, na sasa limo katika British Library. Limegawanywa sehemu tatu: maadili, mambo ya nyumbani na siasa. Humo Milton alinukuu kwa lugha kadhaa kutoka kwa wanahistoria, mababa wa Kanisa na Machiavelli. Nukuu nyingi zinapatikana kwingineko. Mtu yeyote mwenye maktaba angeweza kuzipata. Lakini vichwa ni vyake: "mfalme", "dhalimu", "talaka". Chini ya "mfalme" na "dhalimu" historia za nchi mbalimbali zimewekwa bega kwa bega mpaka zinaanza kushuhudiana. Mwaka 1643 Milton alichapisha kitabu cha kutetea talaka. Februari 1649, wiki chache baada ya Mfalme Charles I kukatwa kichwa, alitoa kijitabu cha kutetea haki ya raia kumhukumu mtawala. Alipopofuka mwaka 1652 daftari halikufungwa. Kuna maandishi ya baadaye yaliyoandikwa kwa mikono ya wengine kwa niaba yake. Macho yalikuwa yamekwenda, ila alijua kila jambo lilalo wapi.

Mtu anaweza kunipinga kwa kunitajia Kashkul ya Bahauddin al-Amili (1547–1621), mwanachuoni wa Isfahan. Kashkul ni bakuli la darweshi, linalopokea chochote kinachotiwa: ukoko, tende, sarafu. Kitabu chake kimechanganya hesabu, mashairi, tafsiri na visa bila mpango wa milango. Nakubali kwamba hapa vichwa si nguzo. Hata hivyo jina la bakuli ni kichwa kimoja kilichowekwa juu ya vyote. Linamwambia msomaji apokee kama anavyopokea mwenye njaa, bila kuchagua.

Haya yanatugusa moja kwa moja sisi tunaoshughulika na maandishi ya pwani. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) yametufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kuyafafanua akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, Hichens akayachapisha kama diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akafanya kazi kubwa ya kuyarudisha katika historia yake mwaka 1979. Tunawashukuru wote. Lakini diwani ni umbo la mwandishi mmoja, na mazoea yake yametufanya tulifungue kila daftari la familia tukiwinda mashairi, tuyang'oe, tuyapange kwa jina la mtunzi, na kilichobaki tukiite takataka za nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza kwamba orodha za maktaba zetu zilieleze daftari zima kabla ya kuelezea kilichomo: vichwa kwa mfuatano wake, kipi kimepakana na kipi, wapi wino umebadilika, wapi kurasa zimeachwa tupu zikingoja. Ni kazi ya kuchosha, na inahitaji mtu wa nyumbani akae kando ya mtaalamu. Bila hiyo, ukurasa wa "Subira" utagawanywa mara mbili, beti zipelekwe kwenye fasihi na shubiri kwenye tiba, na katika orodha zote mbili hapatakuwa na nafasi ya kuandika jina la bibi.