Uso, Mapafu na Sajili

Kitabu cha Ubashiri, kinachonasibishwa na Hippocrates wa Ugiriki ya kale, kinamwagiza tabibu aanze na uso: autazame kama unafanana na nyuso za wazima, na hasa kama unafanana na ulivyokuwa kabla ya ugonjwa. Pua iliyochongoka, macho yaliyodidimia na masikio ya baridi huashiria kifo. Kipimo chenyewe kinanivutia: mgonjwa analinganishwa na nafsi yake. Lakini utabiri huo ulimlinda pia tabibu, asije akalaumiwa kwa kifo alichokwisha kukitangaza.

Mwaka 1967, mjini New York, Thomas Killip na John Kimball walitoa matokeo ya wagonjwa 250 wa shambulio la moyo, waliopangwa kwa madaraja manne kwa kusikiliza mapafu na kuangalia mzunguko wa damu. Daraja la kwanza walikufa asilimia 6. La nne, ambao shinikizo la damu lilikuwa limeporomoka, asilimia 81. Ndugu wa mgonjwa anaweza kuelezwa hayo palepale kitandani akayaelewa.

Mashine zinazojifunza hazielezeki kirahisi hivyo. PRAISE, iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2021, ilifunzwa kwa kumbukumbu za wagonjwa 19,826. Inapima mambo 25 kwa pamoja, yakiwemo umri, utendaji wa figo, wingi wa damu na dawa alizoandikiwa mtu, kisha inakadiria hatari tatu za mwaka wa kwanza baada ya shambulio: kifo, shambulio jingine, na kutokwa damu nyingi. Hiyo ya tatu ndiyo inayonifanya niithamini. Dawa zinazozuia damu kuganda humkinga mgonjwa na shambulio la pili, lakini hizohizo humwongezea hatari ya kuvuja damu. Daktari lazima aamue azitumie kwa muda gani. Mgiriki alitabiri asichoweza kukizuia. Hapa utabiri unabadili matibabu.

Hata hivyo, mashine humjua aliyeandikwa tu. Vipimo vya zamani vya GRACE, navyo vya kukadiria hatari ya kifo, viliikadiria hatari hiyo kwa wanawake kuwa ndogo kuliko ilivyo, na ilipofika 2022 ndipo toleo jipya, lililojengwa kwa mashine inayojifunza, lilipoirekebisha kasoro hiyo.

Sasa niende Moshi, Tanzania. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya KCMC mjini humo ulionyesha kwamba wengi wanaofika na shambulio la moyo hawatambuliwi kuwa nalo, na zaidi ya theluthi moja hufariki ndani ya siku 30. Asiyetambuliwa haingii kwenye sajili, na kifo chake hakiifunzi mashine yoyote. Asilimia za Killip zimepitwa na wakati, kwa kuwa tiba imebadilika, lakini mpangilio wa madaraja yake unaweza kutumika leo kwa stetoskopu na kipimo cha shinikizo la damu tu. Ila ili apangwe kwenye daraja, mgonjwa lazima kwanza atambuliwe; kwa hiyo ningeanza na kipimo cha umeme wa moyo kwa kila anayefika akilalamikia kifua, na simu kwake au kwa jamaa zake baada ya mwaka mmoja. Bila majibu ya simu hizo, PRAISE ikiletwa Moshi itakuwa inakisia maisha ya watu ambao haijawahi kufunzwa habari zao.