DIGRII YA SAYANSI YA MIFUGO: INALIPA AU HAILIPI? PIGA HESABU KABLA HUJAJAZA CHAGUO

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mtaani swali ni lile lile: "Nimesoma CBG, nimeiona kozi ya Sayansi ya Mifugo pale SUA, hivi ina mshiko kweli?" Wengine wanacheka, eti unaenda chuo kikuu kusomea kuchunga ng'ombe. Huko majuu nako hali ni hiyo hiyo: Januari 2012 Yahoo walitoa orodha ya digrii 5 walizoziita hazina faida, kilimo ikawa ya kwanza na sayansi ya wanyama ya nne. Ila ile orodha iliangalia soko la ajira la Marekani. Sisi tupo Bongo, nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30, kwa hiyo tupige hesabu zetu wenyewe.

Mimi nimeishia kidato cha sita, sio mtaalamu wa mifugo. Nimekusanya mambo ambayo mtu anatakiwa ayajue kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma maombi.

1. HII DIGRII NI KITU GANI HASA?

Pale SUA, Morogoro, ni kozi ya miaka 3. Unasoma lishe ya wanyama, uzalishaji, kupandisha na kuboresha mbegu, malisho, na namna ya kuendesha shamba la mifugo kama biashara. Usiichanganye na Tiba ya Mifugo, ambayo ni miaka 5. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tanzania kuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na kuna Baraza la Veterinari linalosajili madaktari wa mifugo. Ukiwa na digrii ya Sayansi ya Mifugo peke yake wewe sio daktari wa mifugo, na huwezi kufungua kliniki ukajiita hivyo. Kama ndoto yako ni kutibu na kupasua, jaza ile ya miaka 5. Kwa kifupi daktari anashughulika na mnyama anayeumwa, wewe utashughulika na mnyama mzima atoe maziwa, mayai na nyama nyingi kwa gharama ndogo. Hilo la gharama likumbuke, tutarudi huko.

2. UKISUBIRI AJIRA YA SERIKALI

Mwenye digrii anaomba cheo cha Afisa Mifugo Daraja la II, ngazi ya mshahara TGS D. Mwenye stashahada anaingia kama Afisa Mifugo Msaidizi, TGS C. Umeona? Tofauti ni ngazi moja tu.

Sasa linganisha muda. Aliyemaliza kidato cha nne akaenda LITA (Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, wana kampasi Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba na kwingineko) anapata stashahada kwa miaka 3. Wewe umekaa miaka 2 ya kidato cha tano na sita, halafu 3 ya chuo kikuu, jumla 5. Mwenzako kakutangulia miaka 2, na pengine hana deni kubwa kama lako. Kuna wilaya mfugaji anamjua yeye kwa jina, kwa sababu ndiye anayekuja na sindano na dawa ya kuogesha.

Simaanishi digrii haina maana. Ngazi za juu za utumishi, utafiti kule TALIRI, na ukufunzi vyuoni vinataka digrii na kuendelea. Ila kama mpango wako wote ni "nitamaliza, nitasubiri Sekretarieti ya Ajira itangaze", basi umelipia miaka 2 zaidi kwa ajili ya ngazi moja.

3. MKOPO NAO UNAKULA

Wengi wetu tunategemea Bodi ya Mikopo. Bumu tamu, lakini lina siku yake. Ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Nafuu ni kwamba ile tozo ya 6% ya kutunza thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama zamani.

Tuchukue mfano (ni mfano tu, weka namba zako). Mshahara wa msingi 700,000, upo serikalini:

- Mfuko wa pensheni 5%: 35,000
- Kodi ya mshahara kwa viwango vilivyoanza Julai 2021: 49,000
- Bima ya afya 3%: 21,000
- Bodi ya Mikopo 15%: 105,000

Unabaki na 490,000. Kama deni ni milioni 9, ukikatwa 105,000 kila mwezi utamaliza baada ya miaka 7 na miezi kama 2. Hapo hujalipa chumba, hujatuma kitu nyumbani. Hiyo ndiyo hesabu ambayo hakuna anayekuonyesha siku ya kujaza fomu.

4. HELA YENYEWE IPO KWENYE CHAKULA CHA MIFUGO

Hapa ndipo naomba msome taratibu. Kwenye ufugaji wa kuku, chakula peke yake kinakula kati ya 60% na 70% ya gharama zote. Na lishe ndicho kitu ambacho digrii hii inakufundisha kwa undani kuliko kozi fupi yoyote.

Kuku wa mayai mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 2,000 wanakula kilo 240 kwa siku, sawa na kilo 7,200 kwa mwezi. Ukiweza kupanga mchanganyiko ukapunguza shilingi 100 tu kwa kila kilo, bila kuharibu ubora, umeokoa 720,000 kwa mwezi. Huo ni mshahara wa pale juu na chenji inabaki, tena kwa banda moja. Mwenye kuku 10,000 anaokoa milioni 3.6. Mtu kama huyo hatakuuliza GPA yako, atakuuliza utaanza lini.

Lakini angalieni upande wa pili. Kuku wale 2,000 wakitaga kwa 80% wanatoa mayai 1,600 kwa siku. Ukikosea mchanganyiko, utagaji ukashuka hadi 75%, umepoteza mayai 100 kwa siku, mayai 3,000 kwa mwezi, yaani trei 100. Tukisema trei ni 8,000, ni hasara ya 800,000. Ulichookoa kimekwenda chote na zaidi. Ndiyo maana kuchanganya pumba kwa makadirio ya jicho ni kucheza kamari. Kuku wa mayai anahitaji protini kama 16% hadi 18%, na madini ya chokaa karibu 4% ili ganda liwe gumu. Mashudu ya alizeti yana protini lakini yana nyuzinyuzi nyingi, ukizidisha kuku hapati nguvu. Dagaa wa bei chee mara nyingi wana mchanga, unalipia kilo za mchanga. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu. Anayeyajua haya kwa vipimo, sio kwa kusikia, ndiye anayelipwa.

5. KWINGINE UNAKOWEZA KUPENYA

- Viwanda vya vyakula vya mifugo na makampuni ya vifaranga. Wanahitaji watu wa kupanga mchanganyiko, kukagua malighafi na kuuza. Kazi ya mauzo wengi wanaidharau, wakati ndiko kwenye kamisheni.
- Viwanda vya maziwa kama Tanga Fresh na ASAS wa Iringa. Maziwa lazima yakusanywe kwa wafugaji, yapimwe, na wafugaji waelekezwe.
- Ranchi, zikiwemo za NARCO kama Kongwa na Ruvu, na unenepeshaji wa ng'ombe kabla ya kuuza.
- Uhimilishaji. Kituo cha Taifa kipo Usa River, Arusha. Ukijifunza kazi hii kwa vitendo, una huduma ambayo mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anailipia hata kama huna ajira.

6. SASA UJAZE AU USIJAZE?

Kwa mtazamo wangu, jaza kama upo tayari kuyafanya haya ukiwa bado chuo: jua kupanga mchanganyiko wa chakula kwa kompyuta, sio kwenye mtihani tu, tumia kila likizo kwenye shamba au kiwanda cha mtu hata kwa nauli tu, na tunza kumbukumbu za banda moja, hata la kuku 50 wa mama nyumbani, uwe na namba za kumwonyesha mtu. Ukimaliza utakuwa na karatasi na ushahidi.

Usijaze kama umeichagua kwa sababu points hazikutosha kwingine na unategemea serikali ikuite. Kwa mtu wa aina hiyo stashahada ya LITA ni njia fupi na nafuu zaidi, na chuo kikuu unaweza kwenda baadaye ukiwa na kazi mkononi.

Cheti kinamwambia mwajiri umesoma, lakini mfugaji anataka kuona chakula kimeshuka bei na mayai hayajapungua. Ukiweza hilo, hii digrii inalipa.

Nawakilisha. Mliopo SUA, mliomaliza na mnaofuga, tupeni uzoefu hapo chini: mlianza na kiasi gani, na mlikaa mtaani muda gani? Kuna mdogo wetu anasoma sasa hivi na siku za kujaza zimebaki chache.