Alama nyeupe za gitaa
Juzi kijana mmoja wa kikundi chetu alileta pasi ya kulehemu. Alitaka kung'oa zile alama nyeupe kwenye shingo ya gitaa la umeme. Nikamwambia: ngoja kwanza, kaka, tujue ni za nini.

Zamani mafundi walipamba magitaa kwa gamba la chaza na pembe za ndovu. Karne ya 19 wapagazi walibeba pembe kutoka Manyema hadi Ujiji, kisha pwani na Zanzibar. Nyingine zilifika Marekani, zikawa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Huko John Wesley Hyatt alitafuta kitu cha kushika nafasi ya pembe, akapata seluloidi, hati miliki 1870. Gitaa la Gibson Les Paul la 1952 lilipambwa kwa hiyo.

Shida ni kwamba seluloidi inashika moto upesi sana. Gamba la chaza linavumilia joto, ila vumbi lake linaumiza mapafu: vaa barakoa.

Za kwetu hatukuzijua. Basi pasi tukaiweka kando, tukatoboa kila alama katikati, tukafunga skrubu ndogo, tukaivuta polepole. Gitaa tunalo moja tu.