Waliogonga Chini ya Bahari



Tarehe 17 Desemba 1927, nyambizi ya Marekani iitwayo S-4, yaani meli iendayo chini ya maji, ilikuwa ikipanda juu karibu na mji wa Provincetown, pwani ya Massachusetts. Ghafla iligongwa na meli ya walinzi wa pwani, ikazama pamoja na watu wake wote 40. Wapiga mbizi walipoifikia kule chini, walisikia sauti ya nyundo. Watu sita walikuwa wangali hai katika chumba cha mbele. Kwa mapigo ya alfabeti ya Morse waliuliza kama lipo tumaini. Dhoruba ilikuwa kali, wala waokoaji hawakuweza kuwatoa. Baada ya siku tatu hivi nyundo ikanyamaza.

Miongoni mwa walioumizwa moyo na habari hiyo alikuwamo ofisa Charles Momsen. Miaka miwili kabla, nyambizi S-51 ilikuwa imezama, na kati ya watu 36 waliokoka 3 tu. Momsen, aliyekuwa nahodha wa nyambizi ya aina ileile, alitumwa kuitafuta, asiweze kuwasaidia waliokuwa chini. Akapendekeza litengenezwe chumba mfano wa kengele, la kuteremshwa kwa kamba ili kuwatoa watu. Wakubwa hawakulikubali pendekezo hilo. Kisha ikazama S-4.

Safari hii Momsen na wenzake walibuni mfuko wa mpira unaovaliwa kifuani. Ndani yake mna dawa inayonyonya uchafu wa pumzi, ili mtu aendelee kuvuta hewa huku akipanda kuelekea juu. Lakini walitambua kwamba chombo peke yake hakimwokoi mtu. Aliye gizani, maji yakimfika kifuani, hawezi kuanza hapo kujifunza matumizi ya chombo asichokizoea.

Basi mwaka 1930, katika kituo cha nyambizi cha Groton, Connecticut, ulijengwa mnara uliojazwa maji ya uvuguvugu yenye kina cha futi 100, yaani mita 30 hivi. Mwanafunzi aliingia katika chumba kidogo ubavuni mwa mnara, akavumilia maji yakipanda na hewa ikishindiliwa, hata mlango wa kuingilia mnarani ukafunguka. Kule chini mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, na hewa iliyo mapafuni hutanuka kadiri mtu anavyopanda. Anayebana pumzi kwa hofu hupasuka mapafu. Kwa hiyo somo kubwa lilikuwa kutoa pumzi wakati ambapo mwili wote unataka kuizuia. Wazee waliopita mnarani humo hukumbuka walimu waliokaa majini wakiwatazama, tayari kumpiga tumboni yeyote aliyefunga kinywa.

Hukumbuka pia vyumba vya nchi kavu vilivyoiga nyambizi. Kimojawapo kiliinamishwa kwa mitambo kana kwamba chombo kinazama kwa kichwa. Wanafunzi walishika usukani, macho yakiwa kwenye vipimo vya kina, naye mwalimu akawaletea hitilafu bila kuwaonya. Wakikosea, nyambizi ile ya kuigiza iliangamia, nao wakaanza upya. Kosa lilileta aibu, halikuleta msiba. Kwa ajili hiyo ndivyo vyumba hivyo vilijengwa: mtu akosee mahali ambapo kosa haliui, ili asikosee mahali ambapo linaua.

Mtihani wa kweli ulikuja usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 1944, katika mlango wa bahari wa Formosa. Torpedo ya mwisho ya nyambizi Tang iligeuka njiani, ikarudi na kuipiga nyambizi yenyewe. Ilikuwa na watu 87. Waliobaki hai walikusanyika katika chumba cha mbele, futi 180 chini ya maji, moshi ukiwasonga. Watu 13 walitoka humo wakiwa na mifuko ya Momsen. Wanane walifika juu, na watano wakaokotwa. Pamoja na wanne waliookoka kutoka sehemu ya juu ya nyambizi, akiwemo nahodha Richard O'Kane, waliopona wakawa 9, nao wakachukuliwa mateka na Wajapani hadi mwisho wa vita.

Mtu anaweza kusema: watano tu? Ni kweli, mazoezi si kinga kamili, na mnara wa uvuguvugu hauwezi kuiga baridi wala giza la bahari. Lakini watu sita wa S-4 walikuwa na nyundo tu mikononi. Wale watano wa Tang walikuwa na njia, na mikono yao iliijua.

Mnara wa Groton ulivunjwa katika miaka ya 1990. Tusisahau, vijana, ya kwamba haukuanza na matofali wala chuma. Ulianza na swali lililogongwa kwa nyundo, na mtu aliyekataa kulisahau. Pendekezo lililodharauliwa mwaka mmoja huenda ndilo lililokosekana mwaka unaofuata. Kwa hiyo, mmoja wenu aonapo hatari na kuisema mapema, asikilizwe wakati nyundo bado inalia.