Gari Likichemka, Usikimbilie Kununua Injini

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama Umoja, Buruburu na Kayole, magari makuukuu ni mengi. Likichemka moja, mwenyewe huambiwa upesi anunue injini ya mtumba. Asiharakishe.

Joto likizidi, hedi ya aluminiamu hupinda na gasketi yake huungua. Dalili ni hizi: maji kupungua bila kuvuja nje, moshi mweupe usiokatika, na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Injini ikishapoa, fundi aifungue hedi na kuipeleka kwenye karakana, mfano zile za Kariobangi Light Industries, ipimwe ufa kwa presha na ichongwe ikiwa imepinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kazi bure. Boliti zikazwe kwa spana ya kipimo.

Kisha kitafutwe kilicholichemsha: rejeta, feni, pampu ya maji au themostati. Kuing'oa themostati si tiba. Nasi wa Pwani, maji ya kisima yenye chumvi tusiyatie kwenye rejeta. Hula chuma polepole. Injini nyengine inunuliwe tu iwapo bloku imepasuka au pistoni zimekwama.